Dhoruba Iliyopita Kando

Maandiko ya kusoma nyumbani: Matendo 27 (sura yote), Matendo 11:27-30, Luka 12:54-56, Marko 4:35-41

Ujumbe wa wiki hii nimeuandika mwenyewe. Sikumwachia ndugu yetu anayenakili mahubiri kutoka kwenye simu, kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili niliyoyasema pale madhabahuni na sasa nataka kuyarekebisha nikiwa nimetulia. Kosa lililosemwa kwenye kipaza sauti halisahihishwi kwa kunong'ona ofisini. Kwa hiyo nisome polepole, na kama uliwahi kuitikia Amina siku hizo mbili, soma mara mbili.

Jambo la kwanza ni la 2023. Mnakumbuka tangu Agosti mwaka ule Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa ikisema vuli itakuja na mvua kubwa kuliko kawaida. Walisema bahari ya Pasifiki imepata joto, na hii yetu ya Hindi nayo imepata joto upande wetu, kwa hiyo El Niño iko njiani. Wazee waliosikia jina hilo walishtuka, maana waliikumbuka ile ya 1997 na jinsi barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ilivyokatika. Halafu Oktoba ikaingia na jua kali. Ikasikika kauli kutoka juu kwamba mambo hayatakuwa mabaya kama ilivyohofiwa. Basi mimi mtumishi wenu nikajipatia mahubiri. Nilisimama Jumapili nikauliza, mtashika neno la Mungu au la mtu wa mitambo? Nikasema mtoto wa Mungu haishi kwa taarifa ya saa moja jioni. Kanisa lililipuka, viti vya plastiki vikaanguka. Mwajua vile huwa.

Katika wale waliokuwa wakishangilia kulikuwa na mama mmoja fundi cherehani, anakaa Kisauni huko bondeni karibu na mtaro. Wiki ile alikuwa amepanga kuhamisha cherehani zake na vitambaa vya wateja avipeleke kwa dada yake Bombolulu, kwenye mwinuko, mpaka Desemba. Kijana wa mkokoteni alikuwa keshapatana naye bei. Alipotoka ibadani akamwambia yule kijana asije. Mwenyewe alinieleza baadaye, tena bila uchungu: "Mchungaji, nilisikia neno, nikatulia."

Novemba ikaja. Waliokuwa Mombasa mwezi ule hawahitaji kuelezwa. Kwake maji yaliingia usiku, akaamka yakiwa magotini. Watoto waliwekwa juu ya kabati, wote wakapona, jina la Bwana libarikiwe. Cherehani mbili zilizama, na sare za shule za watu zikawa matope. Nchi nzima, vuli ile iliua zaidi ya watu 100. Yule mama hajanilaumu hata siku moja. Mpaka juzi alikuwa bado analipa wateja vitambaa vyao kidogo kidogo, na fungu la kumi analeta. Angenikasirikia ningelala vizuri zaidi.

Jambo la pili ni la Mei 2024. Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Tulikuwa tumeshaomboleza na wenzetu wa Mai Mahiu waliosombwa na maji alfajiri ya 29 Aprili, na hesabu ya waliokufa nchini ilikuwa imepita 200. Shule zilikuwa zifunguliwe, zikasongezwa mbele, halafu Ijumaa ya 3 Mei Rais akatangaza kwamba hazifunguliwi mpaka itakapotangazwa tena, na akataja kimbunga kinachokuja kutoka baharini. Kimbunga Hidaya. Jina lenyewe sisi Waswahili tunalijua, hidaya ni tunu, ni zawadi. Watu walicheka, wakasema zawadi gani hii ya kung'oa mabati.

Onyo lilikuwa wazi. Upepo mkali, mawimbi ya zaidi ya mita mbili, wavuvi wasitoke, watu wasiende kuogelea. Simu zilijaa. Ijumaa usiku tulifanya kesha, na kusema kweli lilikuwa kesha la nguvu. Tulikikemea kile kimbunga kwa jina, tukakiamuru kirudi kilikotoka. Jumamosi 4 Mei ikapita na mawingu na upepo wa kawaida. Jumapili tulikuta anga hata haitishi. Nikapanda madhabahuni nikasema maombi ya kanisa hili yamekigeuza kimbunga. Nilisema hivyo kwa sauti, na nikasema tena kwamba watu wa hali ya hewa wameaibika. Kuna mtu alipiga vuvuzela.

Ibada ikaisha. Nikiwa bado najifuta jasho ofisini, akaingia dada mmoja ambaye mumewe anafanya kazi Changamwe, kwao Kilwa, Tanzania. Hakukaa. Alisema simu ya mamake haipatikani tangu jana. Kimbunga kilikuwa kimeingia nchi kavu upande wa Mafia siku hiyo ya Jumamosi, na mvua ilikuwa imemwagika Kilwa na Lindi mpaka barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda kusini ikakatika. Ndipo akaniuliza, kwa upole kabisa, maana ni mtu mpole: "Mchungaji, yale maombi ya kukisukuma. Sisi tulikisukumia wapi?"

Nilimjibu kitu, sikumbuki nini, kitu cha kichungaji. Akashukuru akaenda. Mpendwa, nimekaa na swali lile muda mrefu. Mafia kuna wanaoomba. Kilwa kuna wanaoomba. Kama kimbunga kilipita kando ya Likoni kwa sababu ya kesha letu, basi mamake yule dada alikosa nini?

Baadaye kijana wetu mmoja anayefundisha jiografia alinieleza kitu ambacho kingenisaidia kama ningeuliza kabla ya kuhubiri. Vimbunga hivi huzaliwa juu ya bahari yenye joto, kwa kawaida digrii 26 na nusu na zaidi. Kinachoufanya upepo uzunguke ni mwendo wa dunia yenyewe inavyojizungusha, na nguvu hiyo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta mpaka ikaisha. Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta. Ndiyo maana vimbunga vya bahari yetu vingi huishia Madagascar na Msumbiji. Idai ilipiga Beira Machi 2019, na wiki chache baadaye Kenneth ikaingia Cabo Delgado, jirani na mpaka wa Tanzania. Sisi huku huwa tunapata mkia, yaani mvua na mawimbi.

Nilipomsikiliza nilijiuliza, basi aliyeiweka dunia izunguke hivyo ni nani? Nikamshukuru Mungu kweli kweli, ila kwa ulinzi aliouweka kabla babu zetu hawajazaliwa, na ambao hautegemei nani alikesha Ijumaa. Na wala ulinzi huo si ukuta wa mawe. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, nyuzi mbili tu kusini kwetu, kikang'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba na kuvunja vyombo vya Sultani Barghash bandarini. 1952 kingine kikapiga Lindi. Wale wa 1872 hakuna aliyewaonya, hapakuwa na setilaiti wala redio. Walilala, wakaamshwa na upepo.

Sasa twende kwenye Neno. Fungua Matendo 27.

Paulo yuko chini ya ulinzi, anapelekwa Rumi. Wamefika mahali panapoitwa Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Krete. Luka anatupa tarehe kwa namna ya Kiyahudi: siku ya kufunga ilikuwa imekwisha kupita. Maana yake vuli ya kwao inaisha, majira ya baridi yanakuja, na baharia yeyote wa bahari ile alijua kwamba kuanzia hapo mtu anapandisha chombo anangoja. Ni kama mtu wa Timbwani umwambie atoke na ngalawa kwenda Pemba katikati ya kusi. Atakuangalia mara mbili.

Paulo akawaambia wazi kwamba safari hii italeta hasara, ya mizigo na ya meli na hata ya maisha. Hapa nataka usimame kidogo. Kwa miaka nimehubiri kwamba ule ulikuwa unabii. Soma tena. Luka hataji malaika hapo, hataji ndoto wala sauti. Malaika anakuja baadaye, aya ya 23. Hapa mwanzo Paulo anasema tu kwamba ameona. Aliona kwa nini? Nenda 2 Wakorintho 11:25, barua aliyoiandika kabla ya safari hii. Alikuwa ameshavunjikiwa na meli mara tatu, na mara moja alikesha akielea baharini usiku na mchana. Huyu ni mtu aliyeijua bahari ile kwa ngozi yake. Alisoma majira, akasoma kumbukumbu zake, akatoa utabiri wa hali ya hewa. Ukiwa na haraka waweza kumwita mtu wa mitambo.

Na yule akida, Yulio, hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza nahodha na mwenye meli. Nani angemlaumu? Hao ndio wenye chombo. Lakini mwenye chombo ana mzigo wa ngano unaotakiwa Rumi, na mtu mwenye mzigo husikia kile kinachouwezesha mzigo uende. Wengi nao wakapiga kura upande wa kuondoka, kwa sababu bandari ile haikuwa nzuri ya kukaa wakati wa baridi. Tazama sababu yenyewe. Walitaka mahali pazuri zaidi pa kukaa. Ulikuwa ni ubishi wa starehe.

Halafu kukatulia. Kaupepo ka kusi kakaanza kuja taratibu, hakaumizi mtu, nao wakaona ndiyo hiyo, wamepata walichotaka. Wakang'oa nanga. Mpendwa, hapo ndipo nilipojiona mimi Oktoba 2023. Jua limewaka wiki tatu, mtumishi akasema mnaona? Katika kazi yangu nimeona watu wengi wakidanganywa na upepo mzuri kuliko wanaodanganywa na upepo mbaya. Upepo mbaya hauna mdomo mtamu. Na mara hakukuchelewa, ikashuka ile tufani kutoka upande wa nchi kavu, meli ikashikwa, wakaacha ichukuliwe. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Walitupa shehena, walitupa vifaa, na Luka anakiri kwamba mwishoni matumaini yote ya kuokoka yaliondoka. Alikuwemo, anaandika "sisi".

Najua kuna mtu wa kamati ya maombi anasoma hapa na ameshaanza kukasirika. Anauliza, sasa mchungaji, tusiombe? Subiri. Katikati ya giza lile malaika anasimama karibu na Paulo na kumwahidi kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri naye. Ahadi hiyo haina "labda". Wote. Sasa shuka aya chache, fika ya 31. Mabaharia wanataka kutoroka na mashua ndogo, wanajifanya wanashusha nanga mbele. Paulo yule yule mwenye ahadi ya malaika mfukoni anamwambia akida kwamba hawa wasipobaki ndani ya meli, ninyi hamtaokoka. Unaona? Mungu ameshasema wote watapona, na bado Paulo anajua kwamba bila watu wanaojua kushika tanga na usukani, meli haifiki. Hakuona mgongano hapo. Walipima kina kwa kamba, pima 20, wakaenda mbele kidogo wakapima tena, pima 15. Paulo hakuwaambia waache kupima kwa kuwa malaika amesema. Aliwaambia wale chakula, watahitaji nguvu. Walikuwa watu 276, na wote wakafika ufuoni Malta, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao. Mvua ilikuwa inanyesha na baridi, wenyeji wakawawashia moto.

Sisi wa Likoni hatuwezi kuisoma hesabu ile ya 276 bila kunyamaza kidogo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilizama hapo kivukoni na watu 272 wakafa. Haikuwa dhoruba. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, na watu kupita kiasi ndani ya chombo. Wapo kanisani humu wanaohudhuria kumbukumbu kila mwaka. Siwaongezei neno.

Najua pia kuna atakayeniletea Marko 4. Yesu aliukemea upepo, ukatulia. Ndiyo, na naamini anaweza kufanya hivyo leo mchana. Lakini soma aya ya 36, ile tunayoiruka tukikimbilia muujiza. Kulikuwa na mashua nyingine pamoja naye. Alipotuliza bahari, alituliza kwa ajili ya zote. Hakuisukuma dhoruba iende kuwapiga wa mashua ya pili. Ningalikuwa nimeiona aya hiyo Jumapili ile, ningalimjibu yule dada vizuri zaidi. Kesha letu liliomba Likoni ipone. Halikuwataja wa Kilwa hata mara moja. Nimerudia kusikiliza sauti iliyorekodiwa, saa nne na nusu za maombi, na neno Tanzania halimo.

Mamake alipatikana Jumanne. Paa lilikuwa limeondoka upande mmoja, kuku wamekwenda na maji, yeye mzima. Sisi kama kanisa hatukutuma hata shilingi, kwa sababu tulikuwa tunasherehekea.

Nitoke kidogo nje ya pwani. Mama mmoja wa Mtongwe ana mwanawe muuguzi Minnesota, Marekani, kule wanakokaa Wakenya na Wasomali wengi. Kila baridi ananisimulia alivyomwambia. Huko dhoruba ya theluji hutangazwa siku kadhaa mbele. Watu hununua mkate na maji, magari ya kaunti humwaga chumvi barabarani kabla hata haijaanguka, shule hufungwa, na wenye zamu ya usiku hospitalini huenda mapema na blanketi wakalale huko huko. Na mara nyingine, baada ya hayo yote, inaanguka mvua ya kawaida tu. Nikamwuliza, na watu hawakasiriki? Akasema wananung'unika kidogo, halafu wiki ijayo wakitangaziwa tena wananunua mkate tena.

Yule kijana wa jiografia akanieleza kwa nini hukosea. Hewa ikiwa baridi kutoka juu mpaka chini, kinachofika ni theluji. Kukiwa na tabaka la hewa yenye joto katikati, theluji inayeyuka njiani inakuwa mvua, halafu ikikuta chini kabisa kuna baridi, inaganda pale pale inapogusa. Inaganda juu ya lami, juu ya nyaya za stima, juu ya matawi. Barafu hiyo ndiyo huangusha nguzo na kupindua magari, na macho hayaioni kwa kuwa inafanana na lami yenye maji. Tofauti kati ya theluji ya kuchezea watoto, mvua ya kawaida na barafu ya kuua inaweza kuwa digrii moja au mbili tu. Sasa mtu akikaa na vipimo vyake akasema asilimia 60, hajadanganya ikija mvua. Amesema kuna 40. Sisi ndio tuliosikia 60 tukaelewa 100, na ikikosa tukaelewa sifuri.

Hidaya ilikuwa hivyo hivyo. Onyo lilisema pwani ya Tanzania na sehemu ya Kenya. Kimbunga kilikuja kweli, Mafia na Kilwa ni mashahidi. Hakuna aliyeaibika isipokuwa mimi.

Nilimwambia haya mzee mmoja jirani yetu wa Timbwani, mvuvi. Yeye ni Mwislamu, mimi mchungaji, tunaheshimiana, na samaki wa Krismasi huwa anatoka kwake. Alhamisi ya wiki ile ya Hidaya nilimkuta na wanawe wanavuta mashua juu mpaka kwenye mnazi, bahari ikiwa kama sahani ya mafuta. Nikamtania, "Mzee wangu, umeogopa?" Akaniambia, "Mchungaji, upepo hauulizi mtu dini. Wakisema mawimbi mita mbili na kupanda, mimi naingia kufanya nini?" Alikosa mapato siku nne. Baada ya Jumapili nilirudi kumwuliza kama hakujuta. Alikuwa anakarabati wavu, hakuinua hata kichwa. "Mashua si hiyo? Kesho nashuka nayo." Basi. Mimi nilikuwa nimehubiri saa nzima, na yeye alikuwa na mashua.

Bwana wetu mwenyewe katika Luka 12 anawazungumzia watu waliokuwa wakiona wingu linatoka magharibi wakasema mvua, na ikawa mvua. Wakisikia kusi wakasema joto, na ikawa joto. Kule kwao bahari iko magharibi, huku kwetu iko mashariki, wewe geuza tu. Hakuwakemea kwa kujua hali ya hewa. Alikubali kwamba wanaijua na wanapatia. Aliwakemea kwa sababu ujuzi huo wote haukuwasaidia kutambua wakati wao na Mungu wao. Mimi nilikuwa nimekwenda mbali zaidi yao, maana sikujua wingu wala wakati.

Sasa Agabo. Matendo 11. Nabii anakuja Antiokia na kutangaza kwa Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Hapa sasa ni unabii kabisa, Luka anasema hivyo, na anaongeza kwamba ilitokea siku za Klaudio. Tazama kanisa lilivyofanya. Sioni popote kwamba waliikemea njaa. Pengine waliomba, sikatai, lakini kilichoandikwa ni kwamba kila mmoja kwa kadiri ya alichonacho aliamua kutoa msaada kwa ndugu wa Uyahudi, wakaupeleka kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Walisikia utabiri, wakafungua mifuko, tena kwa ajili ya watu wa mbali ambao wengine hawakuwa wakipenda kula nao meza moja. Hilo ndilo kanisa lililoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, aya ya 26, mistari michache tu kabla.

Kwa hiyo nimekaa na wazee wa kanisa wiki mbili hizi, na haya ndiyo tuliyokubaliana. Msinitafute kwa simu kuuliza, yasomeni hapa.

Masika yanakaribia. Taarifa ya hali ya hewa ikitoka itasomwa ibadani kabla ya mahubiri, nzima, pamoja na asilimia zake, na hakuna mhubiri, hata mgeni wa kutoka mbali, atakayeruhusiwa kuitania. Akitaka kuiombea, tutaiombea pamoja. Maombi ya Ijumaa yanaendelea kama kawaida, ila tutakuwa na ramani ukutani inayoanzia Lamu hadi Mtwara na Pemba na Unguja na Mafia zikiwemo, na yule dada wa Kilwa amekubali kuongoza sehemu hiyo.

Jumamosi hii saa moja asubuhi tunazibua mtaro, kuanzia nyuma ya ukumbi mpaka pale unapoingia barabarani. Leteni majembe, sululu, magunia matupu. Wa Chaani na Magongo watafanya upande wao Jumamosi inayofuata, kiongozi wa seli atawaambia mahali. Tafadhali taka zikitolewa zisirundikwe ukingoni, mvua ya kwanza itazirudisha ndani.

Kikapu cha tatu kitakachopitishwa Jumapili ni cha dharura, na kitabu chake kitakuwa wazi kwa kila mtu kukitazama. Fungu la kwanza kutoka humo, wazee wameshakubali, ni cherehani. Moja kwa sasa. Nilitaka kusimama na kuitoa mbele ya kanisa kwa shangwe, mke wangu akanizuia, kwa hiyo itapelekwa nyumbani siku ya kazi.

Na ukumbi utakuwa wazi usiku wowote maji yakianza kupanda huko bondeni. Msingoje kunipigia, huenda niko ng'ambo na feri zimesimama. Ufunguo utakaa kwa yule mama fundi. Ndiye aliye karibu zaidi, na ndiye anayejua maji huanza kuingilia upande gani.